Gari Lililokula Mbuzi Watatu

Gari la Samsoni lilikula mbuzi watatu kwa siku moja, na jioni bado lilikuwa na njaa! Msinibishie. Nilikuwa kiti cha mbele, nimefunga mkanda, nikishuhudia kila tonge.

Samsoni ni rafiki yangu, mnunuzi wa kahawa hapa Kasese mjini. Msimu uliopita kahawa ilipanda bei, naye akapanda nayo. Alikwenda Kampala kwa basi, akarudi na gari la kifahari: refu, jeusi, viti vya ngozi, injini ya silinda sita. Tangu siku hiyo hata dukani mlango wa pili alikwenda kwa gari.

"Nobert," aliniambia, "watu wanaogopa gari kubwa bure. Hii inakunywa kidogo kuliko boda! Lita moja, kilomita ishirini."

"Nani alikuambia?"

"Nimepima mwenyewe!"

Kupima kwenyewe, jamani! Alipima akitoka kwa wakwe zake watarajiwa, juu ya kilima pale Bwera, mpaka barabara ya lami kule chini. Gia huru, injini imezimwa, gari linateremka lenyewe huku yeye akipigana na usukani. Mshale wa mafuta haukutikisika. Hesabu ikafungwa siku hiyo hiyo, na habari ya kupanda kilima haikuulizwa.

Mkwe mwenyewe, Mzee Muhindo, alikuwa na wasiwasi. "Kama gari inakula yote," alimuuliza, "mutoto wangu Phionah atakula nini?"

Samsoni akaapa mbele ya ukoo mzima: "Mzee, hii gari inakula kidogo kuliko mbuzi moja!"

Mahari ilikuwa mbuzi kumi na wawili. Tisa walikuwa wameshafika. Watatu wa mwisho walitakiwa Jumamosi, kabla ya saa nane mchana. Wasipofika, Mzee alishasema, wale tisa watarudishwa kwao. Na kule Munkunyu kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye mbuzi na baiskeli, amekaa mkao wa kula. Samsoni alimpenda Phionah kweli, hilo simtanii, na mwalimu huyo alimnyima usingizi.

Jumamosi saa nne tukapakia mbuzi watatu nyuma, juu ya turubai. Nafasi ilikuwepo tele, kwa sababu Samsoni alikuwa ameng'oa tairi la akiba.

"Uzito wa bure unakunywa mafuta," alinieleza kwa upole, kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake.

Kisha akaweka mafuta. Lita tatu! Kutoka Kasese mpaka Bwera ni kilomita zaidi ya hamsini. Hela nyingine zote zilikuwa zimekwenda kwenye vioo vyeusi na manukato ya gari. Mimi nilikuwa na elfu mbili ya sadaka, na sikuona sababu ya kuitangaza.

Tulipofika Kikorongo gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.

"Mafuta ya siku hizi yana maji," Samsoni akasema.

Kando ya barabara mama mmoja, Gorret, alikuwa anauza petroli kwenye chupa za maji ya kunywa. Aliliangalia gari, akamwangalia mwenye gari.

"Pesa iko?"

"Nitakutumia kwa simu, mama. Kesho."

"Kesho sijui. Mimi naona mbuzi."

Samsoni alibisha, akabembeleza, akataja majina ya wakubwa anaowafahamu. Saa ilikuwa inakwenda. Mbuzi wa kwanza akashuka, chupa nane zikapanda.

"Basi zima AC," nikamwambia.

"Nobert! Ukifungua dirisha kwa gari kama hii, watu watadhani ni teksi."

Karibu na Bwera tairi likapasuka. Akiba iko wapi? Nyumbani Kasese, imepumzika! Tukajikokota mpaka kwa fundi Sosthène, Mkongomani aliyevuka mpaka zamani na kufungua kibanda cha matairi. Alilizunguka lile gari akipiga mluzi.

"Papa, hii piné, hii tairi, iko ya ministre, ya waziri! Niko na moja tu. Imeshatembea sana, lakini itakufikisha."

"Bei?"

Sosthène akasogea nyuma ya gari. Alichungulia kioo cha nyuma, na mbuzi wa pili akamchungulia yeye.

Fundi akifunga tairi kwa muda wa saa nzima, Samsoni aliacha injini ikiunguruma na AC ikivuma, ili mbuzi aliyebaki asiingie kwa wakwe na jasho. Mafuta ya Gorret yakakaribia kuisha hapo, akibaridishwa mbuzi mmoja! Kilichobaki kilitufikisha mwanzo wa kilima, pale pale alipomalizia vipimo vyake. Hapo gari likagoma kabisa.

Wanaume sita walikuwa wanatoka shambani na majembe. Walikubali kusukuma. Malipo? Walimtazama mbuzi, wakatazamana, wakaanza kuzungumzia chumvi, na mmoja wao akabaki chini na mbuzi.

Ndivyo tulivyoingia uwanjani kwa Mzee Muhindo saa nane kasoro dakika tano: gari linasukumwa, Samsoni kwenye usukani anapiga honi, suti imenyooka, wakwe wamesimama. Na nyuma kwenye turubai, hakuna kitu isipokuwa mavi ya mbuzi.

"Karibuni," Mzee akasema. "Mbuzi iko wapi?"

Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa bwana harusi. Nilisimama, nikakohoa. "Mzee, mbuzi walitoka Kasese salama. Mmoja yuko kwenye tangi. Wa pili yuko kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Wa tatu..."

Harufu ya nyama choma ilitufikia kutoka bondeni.

"Ulisema inakula kidogo kuliko mbuzi moja," Mzee alimwambia Samsoni. "Imekula tatu, na njiani tu! Gari ibaki hapa rehani. Mbuzi ije Jumamosi ingine, na miguu."

Phionah aliingia ndani. Samsoni akalia machozi ya kweli, juu ya suti.

Wiki hiyo aliuza magunia mawili ya kahawa, akanunua mbuzi watatu, akawaswaga mwenyewe kwa siku mbili. Penye hifadhi ya wanyama walikimbia, yeye mbele, mbuzi nyuma. Kule Munkunyu alipita na vumbi mpaka kwenye nyusi, na mwalimu akasimamisha baiskeli kumtazama.

Jumamosi niliwakuta uwanjani, mbuzi wote watatu hai. Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini, milango wazi, kuku ametaga chini ya kiti cha dereva. Phionah alileta maji ya kunawa. Akamimina taratibu, akauliza:

"Samsoni, kutoka Kasese mpaka hapa, umekunywa lita ngapi?"

Nilijua atasema uongo. Alifungua mdomo, akaufunga, akakitazama kilima.

"Mbili mpaka pale chini," akasema. "Kupanda, moja ingine."

Lita tatu kamili! Phionah akaangua kicheko, akamshika mkono uliolowa mbele ya watu wote.

Mzee Muhindo akatikisa kichwa. "Huyu mwenyewe anakunywa kidogo," akasema. "Achukue mutoto. Gari ibaki, kuku imezoea."