Waya wa Ardhi na Kopo la Udongo

Jumatatu, 3 Machi 2014

Siku kubwa! Kanisa letu hapa kambini Nakivale limepata jenereta. Mpya, nyekundu, bado imevaa nailoni. Mchungaji Natanaeli ametangaza baada ya maombi kwamba Jumapili hii tutaabudu kwa taa, kinanda na maikrofoni. Akasema anatafuta fundi wa kutandaza nyaya. Niliinua mkono kabla hajamaliza kusema.

Mimi si fundi wa umeme. Lakini nani anajua? Nachaji simu za watu kwa sola, bila ajali. (Simu ya Musoni ilikuwa mgonjwa tangu zamani.) Na kule kwetu Uvira, Kongo, nilikaa jirani na fundi umeme, nikamsikia kila siku akigombana na wateja. Hayo ni mafunzo.

Tatizo: Viviane naye aliinua mkono. Viviane amesoma umeme kwenye chuo cha ufundi Mbarara, na hakuna mtu kambini ambaye hajaambiwa. Kumbe mchungaji anaogopa moto. Ametangaza kwamba Ijumaa wazee wa kanisa watatuuliza sote wawili majina ya vifaa na sheria za usalama.

Nimemwambia mke wangu. Constance ndiye kiongozi wa kwaya. Nikamwambia, fikiri, utaimba kwenye maikrofoni iliyowashwa na mumeo! Akauliza: kwa kibiriti?

Jumanne, 4 Machi

Mbarara! Nimefika juu ya lori la mahindi, koti langu la harusi likiwa ndani ya mfuko lisichafuke. Nimelivaa nilipofika Kakoba, kisha nikaingia duka la vifaa vya umeme la mtu anayeitwa Kizito.

Mpango: kujifanya tajiri anayejenga hoteli Nyamityobora. Tajiri haulizi kwa sababu hajui. Tajiri anauliza kwa sababu anampima muuzaji. Nikakunja uso, nikaonyesha kwa kidole kifaa kimoja baada ya kingine. Hiki mnakiitaje ninyi?

Kizito alijibu kwa subira, akaniita ssebo, yaani bwana. "Hii naitwa breka, ssebo. Moto ikikuja mingi, yeye nakata." Nimeelewa! Ni breki, kama ya gari. Fyuzi ni kiwaya chembamba kinachokubali kuungua ili vingine vipone. Soketi najua. Swichi kuu inazima nyumba nzima. Halafu akaleta waya mnene wenye nyaya tatu ndani yake. Wa kahawia ni wa moto, unaoleta umeme. Wa bluu ni nyutro. Wa kijani na njano ni athi. Nikauliza athi ndiyo nini. Akaonyesha sakafu.

Ardhi! Udongo! Hata yule jirani wa Uvira alikuwa anapiga kelele kwa Kifaransa, "La tere! La tere!" Mimi nikidhani anadai shamba.

Nimeandika yote kiganjani. Jasho limefuta nusu. Kizito akauliza hoteli ina vyumba vingapi. Nikamjibu inategemea wageni. Nimetoka na mkanda mweusi wa kufungia nyaya, kitu kimoja tu, nikamwambia ni wa kuanzia.

Jumatano, 5 Machi

Kusoma kutwa. Constance ananiuliza huku anachambua maharage. Breka, vizuri. Fyuzi, vizuri sana. Nyutro: waya usio na upande. Nimeupenda waya huo, una busara.

Tukafika kwenye rangi. Kiganja kimefutika hapo hapo! Nikasema wa kijani na njano ni wa ardhi, nadhani. Constance akainua macho, akaniita kwa jina la mwanetu.

"Papa Gradi, weye ulishaona udongo wa kijani?"

Swali zuri kabisa. Nikatoka nje. Nikaangalia chini. Udongo wa Nakivale ni wa kahawia, kila mtu anauona. Basi waya wa kahawia ndio wa ardhi! Na wa kijani na njano? Rangi za nyoka. Hatari. Huo ndio wa moto. Kizito alichanganya, maskini, siku nzima amesimama dukani. Nimesahihisha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kumpeleleza Viviane. Alikuwa anafunga taa kwenye duka la Mukarukundo. Nimebeba parachichi la urafiki. Akalipokea, akanikabidhi ngazi, akasema shika hapa. Nimeshika ngazi hadi jioni, juani, kama nguzo.

Sikupata siri yoyote. Huyu dada ni mwoga tu. Kabla ya kugusa waya anazima swichi kuu. Halafu anaifunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Halafu bado anachukua testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani, anagusa waya kuona kama kuna umeme. Umeshazima, dada! Unapima nini? Halafu alikataa kutumia kipande changu cha waya kwa kuwa kimechunika ngozi kidogo. Eti waya uliochunika hautumiki. Kwa ufundi wa kuogopa hivi, ataweka lini taa ya pili?

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Nusu ya ushindi.

Wazee walikaa kwenye benchi la mbele. Mchungaji akauliza fyuzi ni nini. Viviane akajibu kwa lugha ya chuo, mambo ya ampea. Wazee wakasinzia. Mimi nikasimama, nikanyoosha koti, nikasema fyuzi ni askari wa mlangoni anayekufa wa kwanza ili watoto ndani wapone. Mzee mmoja akapaza sauti: "Amina!"

Wakauliza kuhusu waya wa ardhi. Viviane akaeleza nondo ya shaba inayopigwa chini kabisa. Mimi nikasema ardhi ni mali ya Bwana na umeme nao lazima uiheshimu. Amina mbili.

Wazee wakashindwa kuchagua. Wakagawa kazi. Viviane: jenereta, ubao wa swichi na taa zote. Mimi: soketi ya kwaya, yaani kinanda, spika na maikrofoni. Sehemu tamu! Viviane akasema sawa, ila ataikagua kazi yangu kabla ya kuwasha. Nikamjibu kwamba mtu mzima hakaguliwi.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi imekamilika. Nzuri mno.

Nimevuta waya kutoka ubao wa Viviane mpaka jukwaa la kwaya. Ndani ya soketi nimefunga waya wa kahawia kwenye tundu la ardhi na wa kijani na njano kwenye tundu la moto. Bluu katikati, hana ugomvi na mtu. Nikakumbuka kwamba ardhi inahitaji udongo. Nikachukua kopo la maziwa, nikajaza udongo wa bustani ya Constance, ule bora wenye mbolea, nikapandikiza kipande cha waya humo na kukiunganisha na soketi. Nikamwagia maji kidogo. Nikaliweka nyuma ya spika.

Viviane alikuja na testa yake. Nikamwambia mchungaji anamwita. Alipokwenda, nikafunga kifuniko cha soketi na kukizungushia mkanda mweusi wote, mpaka ukaisha. Akarudi, akasema mchungaji hakumwita. Nikasema labda alimwita kimoyomoyo.

Jumapili, 9 Machi

Naandika polepole.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Kwaya ilikuwa imesimama tayari kwa sare za bluu. Constance mbele yao, viatu amevua kama anavyofanya siku zote akiimba, nyayo juu ya sakafu ya udongo iliyonyunyizwa maji kuzuia vumbi. Akanyoosha mkono kwenye stendi ya chuma ya maikrofoni.

Viviane alikuwa ameshika kamba ya jenereta. Hakuivuta. Akasema mbele ya watu wote kwamba hawashi mpaka kila mtu ashuke jukwaani. Minong'ono! Nikasimama kwa hasira. Nikasema haya ni matusi, soketi ni salama, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kushika maikrofoni.

"Papa Gradi," akasema, si kwa ukali, "shuka kwanza. Na Mama Gradi ashuke. Kama nimekosea, nitakuomba msamaha hapa hapa."

Constance akashuka. Akanitazama mpaka nami nikashuka.

Jenereta ikanguruma. Taa za Viviane zikawaka zote, watu wakapiga vigelegele. Yeye akaenda peke yake kwenye jukwaa na viatu vyake vya mpira, akagusa chuma cha maikrofoni kwa ncha ya testa.

Kitaa kikawaka.

Chekundu, kidogo, kama jicho. Pale pale mkono wa mke wangu ulipokuwa. Nikakaa chini kwenye udongo.

Viviane akazima, akafunga swichi kwa kufuli, akaja kuchuchumaa karibu yangu. Akaniuliza rangi za nyaya nimezifungaje. Nikamweleza habari ya udongo na nyoka. Hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini: "Waya wa ardhi ni njia ya umeme kukimbilia ukipotea. Weye umeufanya njia ya kumfikia Mama Gradi."

Nilidhani atatengeneza yeye. Hapana. Akaniinua, akanipa bisibisi, akasimama pembeni huku mimi nabandua ule mkanda wote. Kahawia, moto. Bluu, nyutro. Kijani na njano, ardhi. Alinifanya niseme kila jina kwa sauti mbele ya kanisa, na wazee wakarudia nyuma yangu kama katekisimu. Kopo la udongo akalitoa nje. Akafungua kufuli, akawasha, akapima. Kitaa hakikuwaka. Akapima tena.

Constance akapanda, akashika maikrofoni. Nilifumba macho. Nikasikia sauti yake ikitoka kubwa kuliko kanisa, ikavuka mpaka kule kisimani, na watu waliokuwa wanachota maji wakaja. Nililia. Nimemwambia ni vumbi.

Mchungaji amesema nisiguse tena umeme kanisani. Viviane amemwomba aniache nijifunze kwake, kwa sababu, eti, mtu mwenye ujasiri kama huu akiachwa peke yake atatuua wote. Nimekubali! Naanza kesho.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbili za mafunzo. Viviane ni mwalimu mzuri. Jana nilizima swichi kuu, nikaweka kufuli, nikapima kwa testa, kila mara, bila kuambiwa. Leo nimefunga soketi tatu darasani kwenye shule ya chekechea, zote safi. Akasema "Si mbaya." Constance amenipikia sombe ya majani ya muhogo na samaki wa ziwani. Maisha yananyooka. Nimeapa mbele ya mke wangu: kuanzia sasa sigusi kitu nisichokijua.

Mchana Viviane alipokwenda kula alikuja mzee Gakwaya, mfuga ng'ombe, anayeuza maziwa kwa mtu wa Ruti, kule Mbarara. Friji kubwa la huyo mteja wake limekufa, maziwa yanaharibika. Anamtafuta fundi Viviane. Nikamwambia mimi ni mwenzake. Akaniuliza kama mafriji nayajua.

Nikafikiri vizuri, kwa sababu sasa mimi ni mtu wa kufikiri. Nikamwuliza: lina waya? Akasema linao. Waya wake una rangi ngapi ndani? Akasema hajui, labda tatu.

Tatu! Basi nalijua. Friji ni taa tu, ila hili linatoa baridi.

Naondoka alfajiri. Sina haja ya kumsumbua Viviane, amechoka. Koti la harusi nimeshalipiga pasi.