Mwaka Huu Sileti Barafu

Jumatatu, 9 Juni

Ushindi! Karamu ya sikukuu mwaka huu ni kwangu. Miaka kumi na moja imefanyika kwa Dada, na miaka kumi na moja mimi, kitindamimba, nimepewa kazi moja tu: leta barafu. Nina miaka arobaini na miwili. Nina mke, nina meza ndefu, nasimamia mashine mbili pale kwenye kiwanda cha uchapaji. Barafu!

Juzi Dada kasema magoti yanamsumbua. Nikajitolea kabla hajamaliza sentensi. Shangazi yetu, mkuu wa ukoo, akaniangalia kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Mwishowe akasema haya, tujaribu.

Kinachogombewa si chakula. Ni upawa wa marehemu Bibi, ule wa mti, mpini umelainika kwa kushikwa. Aliye na upawa ndiye mwenye sikukuu. Shangazi ndiye hutamka ukae kwa nani, na mpaka leo umetundikwa ukutani kwa Dada. Nimeshapigilia msumari kwangu, sebuleni, mahali mtu anapouona akiingia tu.

Mke wangu kauliza msumari wa nini. Nikamwambia atajua. Kauliza nani atapika. Nikamwambia mimi. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Jumanne, 10 Juni

Nimewaza sana leo kazini, mashine ikikata karatasi. Watu wengi hudhani karamu hushindwa jikoni. Upuuzi! Karamu ni meza. Kitambaa, glasi zinazofanana, na kila mgeni akute kadi yenye jina lake. Kwa Dada watu hukaa popote, kama wanasubiri daktari.

Mwenzangu wa zamu ya mchana atazichapa kadi kwa wino wa dhahabu. Sikuwa na muda wa kukaa kuandika orodha. Nimemtumia majina ya ukoo moja kwa moja kutoka kwenye simu, kama nilivyoyahifadhi. Dakika mbili, kazi imekwisha. Akili ni mali.

Jioni Dada kapiga simu. Kauliza kama nina viti vya kutosha, maana tutakuwa ishirini na wawili. Anataka kunitia kiwewe! Nikamjibu suala la viti nililimaliza zamani. (Ninavyo vinane, na ndoo tatu.)

Jumatano, 11 Juni

Nimemwoka kuku wa majaribio. Nje mkaa, ndani nusura asimame aondoke.  Mke wangu alifungua madirisha yote, kisha akaenda kumtembelea jirani.

Sikukata tamaa. Mtaa wa pili kuna mpishi wa kukodi, anapikia harusi na misiba, watu humwita Mama Sufuria. Nimekwenda nimevaa kofia na miwani ya jua. Tumeelewana: kuku wa kuoka, mchuzi, wali na mboga za majani, vyote vifike Jumamosi saa nne asubuhi kwa mlango wa nyuma, kimya kimya. Ameonya jambo moja. Sufuria zake zina alama chini, matone matatu ya rangi nyekundu, na Jumapili ana harusi, kwa hiyo azipate mapema. Nikamwambia aondoe shaka.

Wala huu si udanganyifu. Jemadari hashiki mkuki mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Adui kaja na mkokoteni. Viti kumi na vinne, na kitambaa cheupe cha meza, kimepigwa pasi. Eti ananiazima. Nimekikagua mbele na nyuma nikitafuta doa la makusudi. Hakuna. Huyu mwanamke ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Kauliza kama aje mapema Jumamosi anisaidie kupika. Upelelezi mtupu! Nikamwambia jikoni kwangu hakanyagi mtu.

Akiwa mlangoni akanikumbusha habari ya kiporo. Kweli, Shangazi hatoi hukumu siku ya sikukuu. Huja kesho yake saa sita, hukaa, hula kiporo, ndipo husema. Kwake yeye, chakula cha sikukuu kila mtu anaweza kukiremba, lakini kiporo hakidanganyi. Dada akanisihi nibakize cha kutosha. Nikaitikia kwa kichwa, ila mtego nimeuona mara moja. Anataka niwabanie wageni, watoke wakisema mimi mchoyo. Thubutu!

Ijumaa, 13 Juni

Kadi zimefika. Zinameremeta! Nimezisoma mara mbili, moja baada ya nyingine. Hakuna kosa hata la herufi. Kila mtu nimemtambua papo hapo.

Nimefanya mazoezi ya kusema karibuni mbele ya kioo. Nimechagua ile ya sauti nzito.

Jumamosi, 14 Juni

Siku yenyewe. Naandika jioni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, moyo umejaa.

Saa nne kamili Mama Sufuria alipita nyuma, akashusha mizigo, akatoweka. Nikajipaka unga shavuni na mchuzi kwenye aproni. Mke wangu alikuwa ananitazama, kaegemea friji. Alisema shavu la pili nimelisahau. Nikalipaka.

Saa saba wageni wakaingia wakitafuta majina yao.  Mjomba alikuta kadi imeandikwa Mjomba Usingizi. Mke wa kaka yangu akakuta Shemeji Redio. Shangazi, kwenye kiti cha heshima: Hakimu. Mke wangu: Bosi. Na binamu yangu akawa anaizungusha kadi yake mkononi, imeandikwa Usipokee, akaniuliza kwa upole kama ndiyo maana simu zake tangu Januari hazipati jibu.

Mtu mwingine angezimia. Mimi? Nikakohoa, nikawaeleza kuwa siku hizi kwenye karamu kubwa wageni hupewa majina ya heshima, ndiyo mtindo. Mjomba hakupinga, alikuwa ameshasinzia. Dada alisoma yake, Adui Namba Moja, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaibandika kifuani kwa pini. Imemchoma, naona.

Chakula kikaokoa jahazi. Jamani, watu walikula! Shangazi alichukua kuku mara tatu. Kauliza mchuzi nimeutia nini. Nikamwambia hiyo ni siri ya mpishi. Akasema aa, na akaendelea kutafuna akinitazama.

Kisha nikatoa pigo la mwisho. Kwa Dada mtu huondoka na kifurushi kidogo. Mimi niliandaa makopo ishirini yenye vifuniko, nikafungasha kila kilichobaki, kila mmoja akatoka na kopo limejaa. Dada alinivuta mkono mara mbili, akikonyeza kuelekea jikoni. Nikajinasua. Wivu haujifichi!

Watu wamesifu mpaka getini. Jikoni kumebaki sufuria tupu, safi, kama hazikupikiwa. Upawa ni wangu.

Jumapili, 15 Juni

Saa moja asubuhi, simu. Shangazi anakuja saa sita kula kiporo.

Nikaenda jikoni. Kuna kitunguu kimoja.

Nilitoka mbio na makubadhi. Kwa Mjomba: lake alilimaliza jana njiani, halafu akalala kituo kikampita. Kwa Shemeji Redio: aliniambia nisome kwanza ile kadi kwa sauti, mbele ya majirani. Nikaisoma. Akanipa kopo, ndani mifupa. Binamu nilimpigia mara sita. Hakupokea.

Nikabakiwa na nyumba ya Dada. Nilisimama nje nikitafuta uongo wa kufaa, mlango ukafunguka kabla sijabisha. Kopo lake lilikuwa mezani, halijaguswa. Pembeni kaongeza wali wake mwenyewe, wa moto, na mboga. Nikamuuliza ni hila gani hii. Akaniambia mdogo wangu, beba ukimbie, maswali baadaye. Nikabeba, nikakimbia. Hila yenyewe bado naitafuta.

Saa sita Shangazi akakaa mezani kwangu. Dada naye akafika na upawa umefungwa kwenye kitambaa, kama desturi inavyotaka. Shangazi akala polepole. Akaitikia kwa kichwa. Nikautazama ule msumari ukutani.

Hodi! Mlango wa mbele! Mama Sufuria kasimama, kajishika kiuno, akasema harusi inamngoja tangu asubuhi na yeye hana cha kupikia. Halafu, kwa wema tu, akauliza kama kuku walitosha.

Nikamwambia Shangazi huyu ni mama anayeazimisha vyombo. Shangazi akaniita kwa kidole. Akaagiza sufuria iletwe, akaipindua: matone matatu mekundu. Akasema ladha aliitambua jana kwa tonge la kwanza, maana mikono hiyohiyo ilipika kwenye misiba mitatu ya ukoo wetu. Akataka nimtajie kilichomo ndani ya mchuzi. Nikataja viungo tisa, kwa ujasiri. Mama Sufuria akasema nyanya, kitunguu, chumvi.

Sina cha kuficha katika daftari langu mwenyewe. Masikio yaliwaka moto. Nilitaka kutoa maelezo ya tatu, badala yake ikatoka kweli. Nikasema nimeleta barafu miaka kumi na moja. Barafu huyeyuka kabla watu hawajanawa, na hakuna anayekumbuka nani aliileta. Nilitaka mara moja tu kuwa mtu aliyewalisha. Nikaona aibu. Nikaangalia kitambaa cha meza.

 Kisha Dada akaufungua upawa, akauweka mapajani mwangu, akamgeukia Shangazi. Alisema miaka kumi na moja hajawahi kula sikukuu akiwa amekaa. Jana ndiyo mara ya kwanza. Alikula chakula kikiwa cha moto, akapakua mara mbili, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Akamwomba, akamsihi, kwa heshima ya Bibi, asiurudishe kwake.

Shangazi alitafuna muda mrefu. Mwishowe akatamka kwamba habari za asubuhi Shemeji Redio ameshamfikishia. Mtu aliyezunguka nyumba kwa nyumba na makubadhi kuombaomba kiporo, huyo heshima ya wageni inamuuma kweli, hata kama akili hana. Upawa ubaki hapa. Ila mwakani nipike mimi, kwa mikono yangu, na yeye Shangazi ataweka kigoda mlangoni mwa jikoni, akae hapo tangu moto unapowashwa mpaka chakula kinapopakuliwa. Sufuria ngeni ikipita mlango huo, upawa unaondoka nayo.

Dada akapiga vigelegele! Akacheza kutoka mezani mpaka getini, magoti mabovu na yote. Akiwa barabarani akageuka, akapaza sauti kwamba mwakani yeye ataleta barafu.

Maskini Dada. Kushindwa kubaya. Alivyojikaza kuficha uchungu, nusura nimwonee huruma.

Jumatatu, 16 Juni

Upawa uko msumarini. Nimekunywa chai nikiutazama. Umepinda kidogo, lakini ni msumari, si upawa.

Mke wangu kashauri nianze kujifunza kupika leo, maana nina mwaka mzima. Dada katuma ujumbe kwamba yuko tayari kunifundisha kila Jumamosi, tuanze na wali. Hajakoma tu, anataka kuingia jikoni kwangu! Nimemjibu nashukuru, nimebanwa na kazi.

Baada ya kazi nimepitia mtaa wa pili. Mama Sufuria alinifungia mlango. Tukazungumza kupitia tundu la ufunguo, mwishowe akakubali kufikiria.

Shangazi kasema atakaa mlangoni. Kuhusu dirisha hakusema kitu. Nimelipima sasa hivi kwa futi ya kazini, mara mbili. Sufuria ya kuku inapita, ukiinamisha kidogo.