Ombi la Kumhamishia Mume Wangu Kwenye Ibada ya Lugha Asiyoielewa

Kwa Baba Askofu, Mbarara.

Bwana asifiwe, Baba. Ninayekuandikia ni Mariette, Mama Gradi, muumini wako wa hapa Rubondo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mzaliwa wa Fizi kule Kongo. Sisi ni wazima, mahindi yamebeba, na mvua inanyesha hadi inapitiliza. Kinachotusumbua ni imani, ambayo nyumbani kwangu imezidi.

Kama unavyojua, usharika wetu una watumishi wawili. Mwinjilisti Tuyisenge anafundisha kwamba kilichoandikwa kifuatwe kama kilivyo, bila kupunguza hata nukta. Mchungaji Ulrich, uliyemtuma wewe mwenyewe alipotoka chuoni, anafundisha kwamba karibu yote ni mfano. Wanapokezana Jumapili. Waumini wengine husikiliza, husema amina, kisha hurudi kupika. Mume wangu Anatole husikiliza, kisha hutenda. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

La kwanza. Mwinjilisti alihubiri kwamba mtu akikuomba, mpe. Kesho yake jirani alikuja kuazima jembe kwa asubuhi moja. Akapewa liwe lake. Kisha Edirisa, mfanyabiashara Mwislamu wa Kakoba anayenunua maharage yetu, akaisifu baiskeli yetu na kusema kwa utani kwamba angeitaka. Akapewa. Juma lililofuata aliirudisha, na sukari ameifunga nyuma, maana ni mtu anayemwogopa Mungu. Anatole akakataa kuipokea, akisema kilichotolewa kimetolewa. Edirisa akamwambia, "Mzee, wewe unapatianga mwenye anaomba. Basi mimi naomba uchukue hii baiskeli." Anatole akaichukua, kwa kuwa ameombwa. Baba, huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda mume wangu kwa hoja za dini, na nasikitika kwamba hayumo kati ya watumishi wako.

Habari zikaenea. Wakaomba sufuria, wakaomba kuku, na mtu mmoja nisiyemjua akaomba mlango wa nyumba, akaondoka nao kichwani. Sasa nalala nikitazamana na barabara kupitia kitenge nilichotundika mahali pa mlango. Nilimwomba mume wangu, kwa heshima, asigawe tena. Akanijibu kwa uchungu, "Mama Gradi, ombi lako niko nalisikia. Lakini bengine balikutangulia."

La pili. Nilikwenda kwa Mchungaji Ulrich. Alikuja, akanywa chai kwenye kikombe kilichobaki, akaeleza vizuri sana kwamba kutoa ni kufungua moyo, na kwamba kila andiko lina maana iliyojificha nyuma ya maneno. Nilifurahi hadi Jumatatu. Jumatatu nilimwamsha Anatole twende kupalilia maharage. Akaniambia kwamba shamba ni moyo na magugu ni dhambi, na kwamba yeye anapalilia tangu alfajiri, palepale kitandani. Kuchota maji kukawa mfano. Kuziba paa kukawa mfano. Ahadi aliyoitoa mbele ya kanisa kwamba atanitunza, akasema lazima isomwe kwa kuzingatia mazingira ya wakati ule. Ugali peke yake ndio uliobaki kuwa ugali.

Nilivumilia hadi Jumapili ya mavuno. Wengine walibeba mikungu ya matoke. Anatole alikwenda mbele mikono mitupu, akaikunjua juu ya kikapu kwa unyenyekevu mkubwa, akarudi kuketi. Baada ya ibada Mchungaji alimweleza, tena kwa ukali, kwamba sadaka si mfano. Anatole akauliza mpaka huo umeandikwa fasi gani, sura ya ngapi.

La tatu ni fupi, nalo linaniuma. Nilikwenda kwa Mwinjilisti Tuyisenge kumwomba mlango. Yeye anayo miwili, wa mbele na wa nyuma. Nilimkumbusha mahubiri yake neno kwa neno. Akasema andiko lile linahitaji kusomwa kwa hekima. Kwa hiyo, Baba, watumishi wako ambao hawajasalimiana tangu Pasaka wamekwisha kupatana bila kujua: mlangoni pake Mwinjilisti ni Ulrich mtupu, na penye kikapu Mchungaji ni Tuyisenge mtupu. Ni mimi tu niliyeachwa nje ya mapatano hayo.

Naomba basi utume waraka wenye muhuri, utuonyeshe andiko lipi ni la kutenda, lipi ni la kutafakari, na lipi lisisomwe mbele ya wanaume waliooa. Kama hilo ni gumu, uamuru mahubiri ya Rubondo yapitie kwanza kwa wake za wanaume hao, kama dawa zinavyopimwa kabla ya kugawiwa. Na kama hilo nalo ni gumu, umhamishie Anatole kwenye ibada ya Wahabeshi, ng'ambo ya soko. Wanaimba vizuri, wanasimama muda mrefu, na hataelewa neno hata moja. Nina imani kwamba mavuno yajayo yatamkuta ni Mkristo wa kawaida.

Nisalimie Mama Askofu, wanakwaya wa Biharwe waliotutembelea, na dereva wako ambaye gari lilimkwamia kwenye matope yetu.

Nabaki binti yako katika Bwana, nisiyejua tena kama hilo neno "binti" ni mfano,

Mariette

Nyongeza. Barua ilikuwa imeshakunjwa mvua iliposhuka. Mwanamke aitwaye Mukamana, aliyefika kambini juzi, alijibanza barazani kwetu na mtoto mchanga mgongoni, wote wawili wakitetemeka. Hakuomba kitu. Anatole alimtazama, akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hii ni mufano, ao ni vile vile iliandikwa?" Mimi nilikuwa nimeshalivuta blanketi kitandani na kumfunika mtoto, nikamwambia alete kuni. Akaleta, akawasha moto, akawapikia uji kwa mikono yake. Usitume waraka, Baba, wala usimhamishe mtu. Ila gari la kanisa likishuka huku, tunaomba blanketi, maana lile lilikuwa moja tu na nimemwambia Mukamana aende nalo. Anatole alinisihi nifikirie kwanza.