Mto Rufiji Uhamishiwe Chanika

Ndugu Mhariri,

Salamu, na pole kwa kazi ya kusoma malalamiko ya watu wasio na shukrani. Langu ni dogo. Naomba wenye mamlaka wauhamishe Mto Rufiji, waulete Chanika, upite nyuma ya nyumba yangu. Sina haraka, hata wiki ijayo sawa.

Sababu zangu:

1. Mke wangu Rukaiya ni mtu wa Utete, kando ya mto huo. Alikwenda kwao kujifungua mtoto wetu wa kwanza, kama desturi inavyotaka. Arobaini imepita, harudi. Anasema hawezi kufua nepi kwa maji ya madumu. Nikitaka arudi, nimpigie simu bomba likiwa wazi, asikie maji yenyewe. Nilimpigia. Akasikia upepo, akakata.

2. Nimeirudia jiografia ya shuleni. Rufiji ndio mto mkubwa kuliko yote nchini. Unakusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, unazalisha umeme, unarutubisha mashamba ya mpunga, unalea mikoko na kamba wa delta. Baada ya kazi yote hiyo, maji yanakwenda kumwagwa baharini! Bahari, Ndugu Mhariri, haijawahi kulalamika kukosa maji. Huu ni upendeleo wa wazi.

3. Viboko na mamba waje pia. Mtaani kwetu kuna vibaka wa ndoo. Mamba wawili watatosha, na hawatapita nyumba kwa nyumba kudai mchango wa ulinzi.

4. Najua watu wa Rufiji watabaki bila mto. Watazoea. Sisi tumezoea, na kila tukiuliza tunaambiwa tuwe wavumilivu. Nao waambiwe hivyo hivyo, maneno yapo tayari.

5. Jirani yangu, Mzee Mwishehe, anauliza kwa nini nisihamie mimi Utete. Nimemsamehe kwa sababu ya umri wake. Mwanamume mzima akaishi ukweni, akale kwa mama mkwe huku ameinamisha kichwa? Nimeapa hata kwenda kuwaona siendi, mpaka warudi wenyewe. Kuhamisha mto ni suala la uhandisi tu. Kunihamisha mimi ni suala la heshima, na hilo halina mhandisi.

Mwanangu ana miezi mitatu na sijawahi kumbeba. Hapo sitanii, inaniuma.

Nisalimie wote hapo ofisini, na zaidi yule anayewaletea maji ya kunywa.

Wako katika ukame,
Mashaka Mudathir
Chanika, Dar es Salaam

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, shemeji amenitumia video. Rukaiya anamuogesha mtoto kwenye beseni, mtoto anapiga maji kwa miguu na kucheka, na mama mkwe anasikika akimwambia, "Cheka tu, mjukuu wangu, baba'ako yuko Dar anagombana na bomba." Nimeitazama mpaka simu ikazima. Mto uacheni hapo hapo ulipo. Begi nimeshafunga, nakwenda mie.