Ombi la Kumzuia Mwanangu Lazhar Asiwe Mbunge

Kwa Ndugu Katibu Mkuu wa Chama cha Wafanyakazi, Tunis.

Salamu nyingi kama kokoto za mlima wetu. Sisi huku migodini wazima. Mume wangu Amor hajambo, ila kile kikohozi chake cha vumbi la fosfati. Binti yangu Saliha anakusalimu. Mkwe wangu Wasila hajambo, ana mimba na hasira. Jirani yangu Hadda anakusalimu, anasema hakuamini hata chembe, lakini salamu ni haki ya kila mtu. Mwanangu Lazhar, katibu wa tawi lako hapa, hakusalimu, kwa sababu hajui kama nakuandikia. Natumaini mama watoto wako na watoto, ambao majina yao siyajui, wote wameamka salama.

Ndugu Katibu Mkuu, shida yangu ni huyo Lazhar. Anataka kugombea ubunge. Nakuomba kwa heshima umkataze. Malalamiko nimeyatia namba, maana ni yeye aliyeniambia kwamba dai lisilo na namba wakubwa hawalisomi.

1. Tunawajua viongozi wa wafanyakazi wanaokwenda bungeni. Mouldi alikuwa katibu kabla ya Lazhar. Alitupigania mpaka sauti ikamkauka, tukambeba mabegani, tukampa kura zetu zote. Tangu aende huko tunamwona kwenye televisheni tu, amesinzia. Sasa mama yake akiingia hamamu, wanawake wanavuta ndoo zao. "Ficheni sabuni, mama wa mheshimiwa kaja!" Nami magoti yangu haya bila mvuke wa hamamu hayakunjiki. Mwanangu akiwa mheshimiwa, nitaoga wapi?

2. Ameanza kuvaa tai. Nyumbani! Anakula kuskusi na tai, ncha inaingia kwenye mchuzi. Juzi nimemwuliza, "Mwanangu, chumvi imekolea?" Akanijibu, "Mama, suala la chumvi lina pande mbili." Lazhar huyo huyo, ambaye chumvi ikipungua kidogo alikuwa akilalamika hadi mtaa wa pili wanasikia!

3. Mkewe Wasila alimwomba atengeneze mlango wa jikoni. Ameunda kamati. Yeye mwenyewe hayumo.

4. Hii ni ndefu, nivumilie. Nilipoona hanisikii, nilifanya alivyotufundisha yeye: nikabeba mkeka, birika na jiko la makaa, nikaenda kukaa kwenye reli ya treni ya fosfati. Hadda akaja na wanawake wa mtaa mzima. Wakasema, maadamu tumeshakaa, tudai na maji, kwa sababu mabomba yetu makavu na maji yanakwenda kuoshea mawe ya mgodi. Nikasema sawa, tutaanza na Lazhar, maji yatafuata.

Treni ikaja, ikasimama. Dereva Tijani akatoa kichwa. "Bi Mbarka, leo mnadai nini? Ajira?"

"Mwanangu asiwe mbunge!"

Akazima injini, akashuka. "Hilo hata mimi nalidai. Hiyo chai ina sukari?"

Basi kampuni ya mgodi ikamtuma Lazhar aje kutusemesha. Akaja na tai yake, akasimama mbele yangu mimi niliyemzaa, akasema, "Ndugu waandamanaji, madai yenu yamesikika."

Hadda akaruka. "Ndugu yako nani? Nimekutawaza mimi ulipokuwa mchanga! Vua hiyo kamba ya shingoni ndipo useme!"

Akasema turudi majumbani, tuwe na imani, mambo yanashughulikiwa. Ndugu Katibu Mkuu, hayo ndiyo maneno ambayo meneja alimwambia Lazhar mwaka ule wa mgomo mkubwa, na Lazhar akamrushia kiatu. Nilikiokota mimi mwenyewe. Sasa unaona ugonjwa umeshamwingia, na hata kura hazijapigwa.

5. Nina mwana mmoja tu wa kiume. Sitaki awe mwana wa kwenye televisheni. Nikimwita pale haitiki.

Kwa hiyo naomba itungwe sheria: kiongozi wa wafanyakazi asigombee mpaka mama yake akubali mbele ya mashahidi. Akikubali, mama naye akae bungeni, nyuma ya mwanawe, na mwiko mkononi, amguse akisinzia. Hilo likishindikana, bunge lote lihamie huku kwetu relini, mikeka ipo.

Nakomea hapa. Wasalimie wote nyumbani kwako, na makarani wa ofisini, na yule mlinzi wa getini aliyewahi kumfukuza Lazhar, mwambie alifanya vizuri.

Ni mimi mama mwenye wasiwasi,
Mbarka binti Ammar

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua, mambo yamegeuka, kwa hiyo usimkataze kwanza. Lazhar alinifuata peke yake, tukazungumza nyuma ya behewa. Kumbe ni kijana msikivu sana. Leo limeletwa tangi la maji mlangoni kwangu, jipya, limejaa pomoni, na ameapa kwamba akiwa mbunge atakula kwangu kila Ijumaa. Nikaona hayo ni mafanikio makubwa kwetu sote, nikawatangazia wenzangu kwamba mgomo umekwisha, maji ya mtaa wayasubiri kwa subira. Sasa wameihamisha mikeka yao mlangoni kwangu. Hadda ndiye anayeongoza nyimbo, na jina langu limo ndani yake. Tijani naye amekuja, anasema treni haiondoki mpaka nijiuzulu. Nijiuzulu umama? Tafadhali nijibu upesi, au tuma mtu kwa basi la kwanza aje kuzungumza nao. Awe mtu wanayemwamini. Hapa mjini nimetafuta, sijampata.