Wageni Wenu Wananipungia Mkono

Kwa Meneja,
Safari za Kifahari Upeo wa Jangwa,
Windhoek.

Ndugu Meneja,

YAH: WAGENI WENU KUNIPUNGIA MKONO BADALA YA KUNIBEBA, NA HASARA ILIYOIPATA POSA YA MTOTO WA KAKA YANGU

Natumai barua hii inakukuta u mzima na kiyoyozi chako kinafanya kazi. Mimi pia ni mzima, isipokuwa moyo. Ninaishi Bergsig, pale barabara ya changarawe inapopinda. Magari yenu meupe hupita mbele ya nyumba yangu kila siku, yakiwa na mahema juu ya paa ambayo sijawahi kuyaona yakifunguliwa, maana waliomo wanalala hotelini. Sina ugomvi na hilo. Mtu akitaka kutembea na nyumba kichwani na kulala kwingine, ni hiari yake.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwetu, mtu akisimama kando ya barabara, akanyoosha mkono na kuupigapiga kuelekea chini, anasema: simama unibebe. Hata watoto wanalijua hilo. Wageni wenu hawalijui. Jumamosi iliyopita nilisimama tangu alfajiri nikiwa na gauni langu refu la bluu, shali begani, kitambaa kipya kichwani, na ndoo ya vetkuk, maandazi yetu ya huku, nilizokaanga mwenyewe zikiwa bado za moto. Nikaupiga mkono. Gari la kwanza likapunguza mwendo, vioo vikashuka, watu wanne wakanipungia kwa furaha, wakaenda zao. La pili vivyo hivyo. La tatu likaongeza na honi. Ilipofika saa nne nilikuwa nimesalimiwa kuliko askofu, na bado nimesimama palepale.

2. Labda utauliza nilikuwa na haraka ya nini. Ndugu Meneja, mtoto wa kaka yangu, Gerson, alikuwa anaposa Khorixas siku hiyo. Anampenda binti anayeitwa Renate mpaka amekonda. Na katika ukoo wetu posa haizungumzwi kabla shangazi, dada wa baba, hajaketi. Mama mzazi anaweza kuwepo au asiwepo, ni sawa na maua ya mezani. Shangazi ndiye meza. Shangazi ni mimi. Sasa fikiria meza imesimama Bergsig, inapungiwa.

3. Gari lililosimama hatimaye lilikuwa la Bwana Detlef na mkewe Gudrun, na lilisimama kwa ajili ya picha. Bwana Detlef alisema kitabu chake kinaonyesha mimi ni Mherero. Nikamwambia mimi ni Mdamara. Akaniangalia, akaangalia kitabu, akakiamini kitabu. Nikaona hapa sitabishana, nikafungua mlango wa nyuma nikakaa na ndoo yangu. Walitazamana. Kisha Gudrun akafurahi sana, akamwambia mumewe, "Si nilikwambia? Kumbe bei ile ina mwongozaji pia." Nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu mlango ulikuwa umeshafungwa na gari limeshaondoka.

4. Mwendo. Gari lenu lina nguvu za kupanda ukuta, lakini linaendeshwa kama limebeba mayai. Tulisimama kwa ajili ya swala. Tulisimama kwa ajili ya mbuni. Tulisimama kwa ajili ya mbuzi, ambao niliwatambua, ni wa jirani yangu Hosea, na mmoja wao hana adabu hata kidogo. Kila nikisema "Khorixas," Bwana Detlef anajibu, "Ndiyo, ndiyo, tembo." Tulipofika mto Huab, ambao kama unavyojua ni mchanga mtupu, akakata kona akaingia mtoni kuwatafuta hao tembo.

5. Aliwapata. Hili nalo nalilalamikia. Walikuwa mama, dada zake na mtoto mmoja asiyejua bado kazi ya mkonga wake; alikuwa anaukanyaga. Walisimama mbele na nyuma ya gari na hawakuwa na posa ya kuwahi. Tukakaa hapo mchana kutwa. Nililishwa jibini. Nilipewa kiti cha kukunja chenye mahali pa kuwekea glasi, na jua lilipokuwa linazama nikapewa kinywaji cha kutoa povu ambacho kilinipanda puani nikacheka mpaka kitambaa kikaanguka. Nimeishi nchi hii maisha yangu yote na tembo niliyemjua mimi ni yule anayevunja tangi langu la maji. Sikujua kwamba ukiwatazama kwa utulivu wananong'onezana kama wanawake kanisani. Naandika kwa msisitizo kwamba sikufurahi.

6. Simu ilishika mtandao tulipofika hotelini kwenu, kilimani. Gerson akapiga.
"Shangazi, uko wapi?"
"Niko na tembo, mwanangu."
"Tembo gani, Shangazi? Watu wamekaa tangu asubuhi."
Nikasikia sauti ya Babu Fritz, msemaji wa upande wa binti, ikiuliza nyuma yake, "Huyo shangazi yenu yuko njiani kwenda wapi, au ametudharau?" Na hapohapo mhudumu wenu akaniuliza kama samaki wangu nampenda na limau. Nikasema ndiyo. Gerson akadhani nimemjibu Babu Fritz. Sijui Babu Fritz alidhani nini, lakini geti la kina Renate likafungwa, watu wetu wakiwa nje.

7. Matokeo yake ni kwamba tumepewa Jumamosi moja tu, hii inayokuja. Nisipoketi siku hiyo, Renate anaondoka kwenda Swakopmund kufanya kazi na mazungumzo yamekwisha. Gerson halali. Na wifi yangu Justine, mama yake Gerson, ambaye alikuwepo Khorixas akiwa maua, ananizungusha kijiji kizima kwa maneno. "Shangazi mzima kashindwa na wanyama," anasema. "Mimi ningetembea kwa miguu." Jana kanisani aliniuliza mbele ya kwaya kama tembo hawajambo.

Kwa hiyo naomba mambo machache tu. Kwanza, kabla ya kumpa mgeni funguo, mfundisheni mikono ya watu wa huku. Pili, kila gari liwe na kiti kimoja kilichoandikwa SHANGAZI, kisikaliwe na begi wala kamera. Tatu, siku za Jumamosi wanyama wote wahamishwe umbali wa kutoonekana toka barabarani, kati ya Bergsig na Khorixas. Kama hilo ni gumu, basi wageni wafungwe vitambaa machoni, isipokuwa dereva, na dereva naye afungwe jicho la upande wa mtoni. Nne, ofisi yako imwandikie Babu Fritz kuthibitisha kwamba nilizuiliwa na tembo kwa nguvu, na isitaje jibini.

Nazungumza kwa niaba ya watu wote wanaosimama barabarani hapa, wazee, wagonjwa, wanafunzi. Gari lenye nafasi linapompita mtu juani linaniuma rohoni, Ndugu Meneja. Mwenye kiti anapaswa kumwona asiye nacho. Hilo ndilo tu ninalolisimamia, na sitalibadilisha mpaka naingia kaburini.

Nisalimie wafanyakazi wako wote, wanaoosha magari na wanaopokea simu, na yule mhudumu wa samaki. Hosea anakusalimu. Mbuzi wake wameambiwa.

Ni mimi, niliye kando ya barabara yako,
Alwina Xoagus

N.B. Leo ni Jumamosi. Sikupata mtu wa kumpa barua hii, sasa nitampa Bwana Detlef aifikishe kwako. Yeye na Gudrun wamerudi kutoka pwani, na leo asubuhi walikuja mpaka mlangoni kwangu kumchukua mwongozaji wao. Naandika nikiwa ndani ya gari, ndiyo maana herufi zinaruka. Tunaenda Khorixas moja kwa moja, saa tatu nitakuwa nimeketi na Gerson atapata mke. Kiti cha nyuma ni kipana vizuri: nimenyoosha miguu, shali nimelitandaza lisikunjane, na gauni linahitaji hewa. Hapo nyuma kidogo tumempita wifi yangu Justine amesimama juani na mkoba wake, anapiga mkono mpaka bega linataka kuchomoka. Bwana Detlef akapunguza mwendo, akaniuliza, "Yule mama anataka nini?" Nikamwambia anatusalimia tu.