Kanuni Zangu za Uchawi

Jumapili, 1 Julai 1984. Kamunyonge.
Mchwa! Wamekula sura nzima ya uchawi. Kitabu hiki cha mchezo alikiacha mwalimu mmoja mzungu alipofungasha kuondoka Bunda, nami nilikipata kwa vipande viwili vya sabuni. Mchezo wenyewe ni wa mezani. Kila mtu anajifanya mtu mwingine, anasema anachofanya, dadu linaamua kama kimewezekana. Mwamuzi ndiye anayesimulia na kutawala. Mwamuzi ni mimi! Wiki nzima mimi ni karani wa ghala lisilo na kitu. Jumapili baada ya misa ni Mheshimiwa Mwamuzi. Nakipenda kiti kile kuliko mshahara.

Thadeo, anayevusha sabuni kutoka Kenya, kasema kiti sasa kishindaniwe: Jumapili ijayo mwenye uchawi mwingi akichukue, pamoja na dadu. Boke, fundi cherehani, kaunga mkono. Nimekubali huku natabasamu. Kanuni za uchawi ataandika nani?

Jumatatu, 2 Julai.
Nimeandika. Hakuna uchawi bila kibali. Ofisi ya Vibali iko chini ya mchawi wangu, Bwana Radi. Kitabu kinasema Mwamuzi asiwe na mchawi wake. Kitabu kilicholiwa na mchwa kinajua nini?

Jumatano, 4 Julai.
Tumejaribu. Mchawi wa Thadeo kakutana na fisi, kaomba moto. Nikamwambia ajaze fomu. Kajaza. Nikamwambia mwenye muhuri yuko semina Butiama, arudi kesho kutwa. Fisi hakuwa semina. Mkono umeliwa wote.

Thadeo kasimama, kasema foleni ya sukari inamtosha, hapangi tena foleni ya moto wa kujifanya, afadhali karata. Boke naye akaanza kukunja kitambaa chake. Nikawashika wote mikono, nikawabembeleza bila haya. Wakiondoka hawa nabaki karani tu.

Ijumaa, 6 Julai.
Nimelegeza. Redio inasema siku hizi mwenye fedha zake nje aagize mali, haulizwi kazitoa wapi. Nami nimefungua soko. Vibali basi! Sasa uchawi ni ng'ombe, na ng'ombe ni kokoto za ziwani. Moto, ndama mmoja. Kuruka angani, fahali. Mwenye zizi kubwa ndiye mchawi mkubwa. Uza, nunua, oa, ozesha! Thadeo kapiga makofi.

Ila chini kabisa nimechomeka kanuni ndogo: mchawi akifa bila mtoto, ng'ombe wake wanakwenda kwa Bwana Radi. Kwa uangalizi. Mchawi wa Boke ni kikongwe, Bibi Wegesa, hana mume wala mtoto. Simba wangu yuko tayari.

Jumamosi, 7 Julai.
Soko limechangamka kuliko nilivyopanga. Thadeo kamuuzia Boke karibu ng'ombe wake wote kwa kushonewa suruali. Suruali ya kweli! Nikasema kanuni hazitaji suruali. Wakasema hazikatazi pia.

Kisha Bibi Wegesa kapeleka ng'ombe kadhaa kwa mchawi wa Thadeo, ambaye ana binti. Habari za harusi, sikufuatilia ya nani. Niliitikia tu, macho yangu yako kwenye zizi la bibi. Baadaye Boke karusha dadu, likatoka sita, akashangilia mapacha. Mapacha wa nani? Sikuuliza. Akusanye tu, anakusanya kwa ajili yangu.

Jumapili, 8 Julai.
Simba katoka. Bibi Wegesa kafa. Nikaanza kuvuta kokoto upande wangu, Boke akaweka kiganja juu yake.

Akasema, "Apolinary, kwetu mama asiye na mtoto anaoaga mke kwa ng'ombe zake. Ndiyo nyumba ntobhu. Watoto wanaozaliwa ni wa aliyetoa ng'ombe. Bibi Wegesa alioa jana, na wewe ukaitikia."

Nikasema kitabuni hakuna ndoa ya namna hiyo. Mama yangu, ambaye wiki nzima ananyunyizia mlango wangu maji ya baraka kwa sababu ya neno uchawi, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kasema Boke kasema haki, na kunyang'anya yatima ng'ombe ni aibu hata kama ng'ombe ni kokoto. Nani akakate rufaa mbele ya mwiko?

Boke kakalia kiti changu. Dadu liko mfukoni mwake. Thadeo kamwita Mheshimiwa. Nimeumia, sifichi. Nimebaki na kokoto mbili na Bwana Radi.

Jumanne, 10 Julai.
Nimepata! Dawa iko ndani ya nyumba ileile. Mjane wa Bibi Wegesa, anayechezwa na Boke, ndiye mwenye zizi sasa, na yeye pia anaweza kuoa. Basi Bwana Radi nimemgeuza Bi Radi, binti mrembo, mwenye afya. Ataolewa mle, atazaa wachawi kila mwaka, wanawe watarithi zizi lote, na mimi nitarudi kitini kwa kupitia mlango wa jikoni. Akili kubwa!

Nimempelekea Boke posa kwenye cherehani yake. Hakubisha hata kidogo. Kauliza tu kama Bi Radi anapenda watoto. Nimemhakikishia kwamba atazaa wengi mno. Basi kanihesabia papo hapo kokoto nne za mahari, kasema nikumbuke ng'ombe hao katoa yeye, nami nimezipokea upesi kabla hajashtuka.